Beta Si Mbeta

Uliponipigia Jumapili ile saa mbili usiku, upepo wa mlima Loleza ulikuwa unapiga mabati na simu inakatakata. Nikasikia maneno matatu tu: "Babu, mbeta amekufa." Nikashangaa. Mbeta haifi, mjukuu wangu. Mbeta ni kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi. Hupasuka, huoza, hutobolewa na wadudu, lakini kufa haifi. Nikasema moyoni, huyu mtoto ulanzi umemzidi huko Iringa, tena mwezi wa saba, msimu wenyewe umeshapita. Mpaka ulipoanza kulia ndipo nikaelewa kuwa unamsema yule samaki wako mwekundu wa kwenye jagi, aitwaye beta.

Nikakwambia pole. Ukanyamaza, nikanyamaza, salio likaisha.

Nimechoka, sikufichi. Mtu wa umri wangu ameshika jembe la makaburini mara nyingi mno, na neno "pole" limelika mdomoni mwake kama kipande cha sabuni ya mwisho. Lakini wewe umerithi jina la marehemu bibi yako, na yeye asingekubali nikurushie pole moja kisha nikajifunika blanketi. Kwa hiyo sogea karibu na jiko, bibi, unisikilize polepole. Yapo yatakayokuuma.

Tuanze na hao wenzako wa bwenini waliokucheka, wakasema samaki ni kitoweo na kilio chake ni chumvi tu. Wasamehe. Mtu anayemjua samaki akiwa dagaa ndani ya gunia pale Mwanjelwa, au kipande kilichokaangwa kikaviringishwa kwenye gazeti, atamlilia vipi? Hajawahi kuona samaki anayeinuka kutoka chini kila mlango unapofunguliwa kwa sababu amekwisha kumjua mwenye chakula chake. Wewe umeona kwa miezi saba. Machozi yako ni halali, na mtu asikutoze ushuru kwa ajili yake.

Kwetu Unyakyusa, zamani, msiba ulikuwa na ngoma. Vijana walicheza mpaka vumbi likafunika migomba, na mgeni aliyepita njiani angeweza kudhani ni harusi. Hawakuwa na furaha. Walijua kwamba huzuni isiyopewa kazi hukaa mwilini ikajitafutia kazi yenyewe. Wewe ulipochimba kishimo chini ya mparachichi kwa kijiko cha wali, ulifanya kazi hiyo, na nilifurahi. Ila lile wazo lako la kwanza, la kumtupa Ruaha Mdogo "arudi majini," nililikataa na ninalikataa tena. Maji yale si kwao. Aliyekufa kwa ugonjwa hatupwi mahali wengine wanapokunywa, na mkono uliozoea kumwaga mfu mtoni kesho utamwaga aliye hai. Sangara naye alipelekwa Ziwa Victoria na watu waliodhani wanafanya jema, miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa lile hazionekani tena.

Na jina ulilompa! Mkwawa. Nilicheka siku uliponiambia, kisha nikatazama mlangoni kama kuna Mhehe anasikia. Aliyempiga Mjerumani Zelewski na jeshi lake pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, leo anakuwa samaki wa lita mbili! Wazee wa Kalenga wangekutoza mbuzi. Lakini nakubali kwamba ulikuwa na sababu: ukimwekea kioo mbele yake, anatanua mapezi na mashavu kama anayeitisha vita. Wenzako walikuwa wanamwekea kioo hicho mara ngapi kwa siku, ili wapige picha? Kwa samaki yule haikuwa mchezo. Kila mara aliamini adui ameingia kwake. Hebu fikiria mtu anayebisha mlango wako kwa panga kila baada ya kipindi, halafu anacheka na kuondoka.

Sasa tukae kwenye penyewe.

Beta kwao ni Siam, nchi iitwayo sasa Thailand, na mwaka 2019 serikali ya huko ilimtangaza kuwa mnyama wa maji wa taifa lao. Wamemfuga na kumpiganisha kwa kamari tangu enzi za mababu. Lakini kabla ya kamari alikuwa samaki wa majaruba ya mpunga. Majaruba, mjukuu wangu! Unayajua; umepita Mbarali na Igurusi ukiwa dirishani kwenye basi. Maji mafupi, yana majani, yamelala juani kutwa, ya vuguvugu. Beta anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28 usiku na mchana. Ungeniuliza Desemba ile ulipomnunua Dar, ningekujibu kwa neno moja: Kyela. Mpeleke Kyela, kule mpunga unakostawi na watu wanalala madirisha wazi. Wewe ukampandisha Kitonga kwenye chupa ya maji ya kunywa, ukamweka Iringa, mji ulio karibu mita 1,600 juu ya bahari, na sikukuu ya Pasaka ukaja naye Mbeya, ambako ni juu zaidi.

Desemba hadi Machi alivumilia. Mapezi yalifunguka, akala, akafanya povu pale juu ya maji. Ukaniambia umelipangusa kwa kitambaa kwa kuwa lilionekana chafu. Lile lilikuwa kiota. Dume la beta hupuliza mapovu moja moja, akayapanga, mayai yakitagwa huyachukua kwa mdomo na kuyaweka mle, likianguka moja hulifuata na kulirudisha, na hukaa akilinda mpaka vitoto vijue kuogelea. Uliifuta nyumba ya mwanamume aliyekuwa anajiandaa kuoa. Sikulaumu, hukujua.

Kisha ikaja Juni. Wewe ulivaa sweta mbili. Yeye je? Usiku wa Iringa hushuka hadi kwenye nyuzi 12 hivi, na Mbeya ndiyo usiseme, chini ya 10, asubuhi nyasi za Uyole zimepigwa na baridi mpaka zimeungua. Samaki hana moto wake mwenyewe mwilini. Maji yakipoa naye amepoa, tumbo halisagi chakula, damu haipigani na ugonjwa. Uliniambia amekuwa mvivu, amelala chini, mapezi ameyabana kama mtu aliyejikunja kwenye khanga. Ukadhani amezeeka. Alikuwa anasikia baridi tu.

Wakoloni, pamoja na ubaya wao, waliwahi kuleta samaki wageni nyanda hizi: trauti, waliomwagwa kwenye vijito vya Mufindi na vya upande wa Rungwe. Trauti ni samaki wa maji baridi, na vijito vile vinauma mifupa hata saa sita mchana. Waliolinganisha mgeni na nyumba walifanikiwa kumpa mahali pa kuishi. Sisemi walifanya vema kuwaleta. Nasema walipima kwanza.

Na lile jagi. Muuzaji alikwambia beta hukaa hata kwenye glasi kwa sababu kwao anaishi kwenye madimbwi. Kuna ukweli umejificha katika uongo huo. Beta ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa. Huja juu, akagugumia kidogo, akarudi chini. Huhitaji kwenda Thailand kuliona hilo. Kambare wa Usangu anafanya hivyohivyo, ndiyo maana unamkuta sokoni kwenye beseni lenye tope la vidole viwili na bado anakupiga mkia. Lakini kuweza kuvumilia si kutaka. Hata mimi niliwahi kulala siku tatu kituoni Makambako nikingoja treni ya TAZARA, sikufa, wala sikuhamia. Mpe beta debe moja, lita 20 zile za ndoo kubwa, ndipo utaanza kusema umempa chumba. Maji mengi hupoa polepole, na uchafu humo huchelewa kuwa sumu. Na juu pafunikwe, paachwe nafasi, ili hewa anayoivuta isiwe ya barafu.

Hapo hapo nikuonye. Usithubutu kumpasha moto kwa jiko la mkaa ndani ya chumba. Watu wazima wamelala na jiko wakaamkia kaburini, na samaki anayevuta hewa ileile ya juu ya maji hatasalimika. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni vivyo hivyo. Ziko hita ndogo za umeme za kuzamisha majini. Umeme ukikatika, viringisha blanketi kwenye chombo, tumbukiza chupa iliyozibwa yenye maji ya moto, ngoja.

Nikuulize kuhusu Jumamosi. Kila Jumamosi, ulisema kwa fahari, ulikuwa unamwaga maji yote, unasugua jagi na mawe yake kwa sabuni ya unga mpaka yanang'aa, unajaza maji mapya ya bomba, baridi, unamrudisha. Mjukuu wangu, mimi nimefanya kazi ya maji miaka 31. Maji ya bomba yana klorini, tunaitia makusudi ili kuua vijidudu visikuue wewe. Klorini hiyo inaunguza matamvua ya samaki. Yaache maji kwenye ndoo wazi siku moja au mbili, itapungua yenyewe. Lakini klorini ni nusu ya habari.

Kumbuka bibi yako na mbeta zake. Alipokuwa anagema kule kwao, mtoto yeyote aliyepeleka mbeta kwenye sabuni alikiona cha moto. Aliisuuza kwa maji matupu akaitundika tena. Alisema mwanzi ukishazoea ulanzi unaupika wenyewe; ukiuosha sana umeua mpishi. Hakusoma darasa la bakteria, lakini alikuwa anawafuga. Basi ndani ya chombo cha samaki wapo wapishi kama hao. Samaki anatoa amonia usiku na mchana, na chakula kilichobaki kinaoza kuwa amonia. Ni sumu. Wapo bakteria wanaokaa kwenye mawe, kwenye sponji ya chujio, kwenye kuta za kioo, wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapopunguza maji. Jamii hiyo huchukua mwezi au zaidi kujijenga. Wewe ulikuwa unaifukuza kila Jumamosi kwa sabuni. Robo ya maji kwa wiki inatosha chombo kikiwa kikubwa, na joto la maji mapya lilingane na la zamani. Katika lita mbili, nikwambie kweli, hukuwa na njia ya kushinda: ukiyaacha maji amonia inamuua, ukiyamwaga yote mshtuko unamuua.

Chapati uliyokuwa unamlisha sitaizungumzia sana. Beta anakula wadudu, viluwiluwi vya mbu ndiyo pilau yake, na tumbo lake halizidi sana jicho lake. Chapati ilikuwa upendo wa bure.

Siku za mwisho ulinitumia picha. Tumbo limevimba, magamba yamesimama kama tunda la paini la Sao Hill. Nilimwomba kijana wa jirani anitafutie kwenye simu yake, akasoma, akaniangalia, akanyamaza. Samaki akifikia hapo, mwili umeshindwa kutoa maji, na wachache sana hurudi. Kwa hiyo lile swali ulilokuwa unanirudia kwa kwikwi, "ningemfanyia nini usiku ule," jibu lake ni hakuna. Usiku ule haukuwa na kitu. Wafugaji wazoefu wakiona mateso yamezidi humlaza kwa mafuta ya karafuu yaliyochanganywa majini, polepole, alale asiamke. Karafuu hizi hizi za Pemba ulizokuwa unatia kwenye chai. Hukujua, na hata ungejua sijui kama mkono wako ungeweza. Wangu ulishindwa kwa mbwa, mwaka ambao sitautaja.

Ila nataka tuongee kuhusu lawama, maana nimesikia umeanza kuzigawa. Kwanza muuzaji wa Dar. Kisha mwenzako aliyefungua dirisha usiku. Kisha wewe mwenyewe, na hapo ndipo ulipokaa, ukajipiga.

Kazi yangu ilikuwa kusoma ubao wa vipimo mtoni. Asubuhi nasoma, jioni nasoma, naandika kwenye daftari. Nilianzia Usangu, nikamalizia Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Ruaha Mkuu, mjukuu wangu, ule ambao wazee walisema haujawahi kukata. Mwaka 1993 ulikata. Sikuamini nilichokuwa naandika. Viboko wakajazana kwenye tope moja, kambare wakagaragara juu ya migongo yao, samaki wengine wakageuka weupe kwenye jua, harufu ikavuka hadi ng'ambo. Na tangu mwaka ule, kila kiangazi hali ni hiyo. Basi watu wakatafuta aliyeufunga mto. Wakulima wa mpunga wakawataja wafugaji. Wafugaji wakawataja wenye mashamba makubwa. Wa mjini, waliokuwa gizani kwa mgao wa umeme kwa sababu bwawa la Mtera limepungua, wakawataja wote. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa kwenye bonde la Ihefu na mifugo yao, 2008 bonde lile likaingizwa ndani ya hifadhi. Mto ukaendelea kukata.

Mimi niliyekuwa na daftari nilijua jambo moja. Hakuna aliyeufunga mto. Kila mmoja alifungua kamfereji kake, kadogo, ka haki kabisa, akaenda kulala. Hata mwenye kibustani cha nyanya alifungua.

Samaki wako alikauka hivyo. Baridi ilifungua mfereji wake, sabuni wake, jagi, kioo, chapati. Hakuna hata mmoja uliomuua peke yake, na karibu yote uliifungua kwa mapenzi. Ndiyo maana sikubali ujipige, na sikubali vilevile ujisamehe haraka. Anayejipiga haoni mifereji, anaona fimbo tu. Anayejisamehe haraka haendi kuitazama.

Na mmoja ni wangu. Januari ulinitumia picha ya jagi lile juu ya meza yako, maji yamefika nusu, samaki amegeukia kamera. Nilijua. Mtu aliyepima maji maisha yake yote anajua lita mbili zinafananaje. Nilijua Juni iko njiani. Nikasema ni kitu cha watoto, kitajifia, nisimharibie furaha, nikajibu "mzuri sana." Uzee unatufundisha kunyamaza, tunauita hekima. Mara nyingine ni uvivu wa kubonyeza simu. Kwa hilo nakuomba radhi, bibi.

Sikwambii utasahau. Ukimtunza beta kwa haki yote hukaa miaka miwili, mitatu, akizidi sana minne, na yule wa dukani alikuwa amekwisha kula miezi kadhaa ya umri wake kabla hujamlipia. Ungelia tu, pengine ukiwa umeshahitimu. Kule Usangu, mvua zikijaza madimbwi ya mbugani, nilikuwa naona visamaki vidogo vya rangi kali kama shanga. Vinazaliwa, vinakua, vinataga kwenye tope, dimbwi linakauka, vimekwisha vyote ndani ya miezi. Mayai yanangoja mvua ardhini. Nilikuwa nasimama kuvitazama hadi mwenzangu wa zamu ananipigia mbinja. Sikuviona vyenye maisha mafupi. Niliviona vina haraka.

Kuhusu huyo mwenzako anayetaka kukununulia mwingine mwisho wa wiki "usahau": mshukuru, mkatalie. Si kwa heshima ya marehemu. Ni kwa sababu bado ni Julai na jagi ni lilelile. Lipeleke jagi jikoni likae na maua. Rudi darasani, mtihani haujui habari za matanga. Chini ya mparachichi usiweke jiwe kubwa, mwenye nyumba atakuuliza.

Mwezi wa kumi kunapopata joto tutaongea. Sikuahidi kitu. Mjomba wako anashuka Dar Septemba na nimempa hela kidogo, lakini hizo ni za mambo yangu.

Unisamehe mwandiko, mkono unatetemeka asubuhi. Nimeamka mapema wiki hii yote. Pale pembeni ya ukuta wa jikoni, unapopata joto la moto wa jioni, nimeweka ndoo ya lita 20, imejaa, na kipimajoto changu cha kazini nimekifunga kwa uzi kikaning'inia ndani. Jumatatu alfajiri nyuzi 13. Jumanne 13. Jumatano nikaizungushia blanketi la bibi yako: 15. Jana jioni 17, leo alfajiri 15 na nusu. Nimeandika kwenye daftari.